Mwezi wa nne ugenini na bado sijazoea: je, mimi ni mdhaifu?

*"Shikamoo mshauri. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nje ya nchi, na huu ni mwezi wa nne. Wiki za mwanzo nilikuwa nafurahia kila kitu. Sasa kila kitu kinanichosha. Nikitoka darasani nalala kama niliyebeba zege, usiku usingizi hauji, naongea na nyumbani mpaka saa tisa usiku maana kwao ndiyo asubuhi. Jiko la bweni tunatumia watu sita. Nasubiri wenzangu waondoke ndipo nitoke nipike. Mtihani wa lugha nilifaulu vizuri, lakini darasani nakosa nusu ya maneno. Niliambiwa miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu, kisha mtu anazoea. Mbona mimi ndiyo kwanza nazidi kuzama? Nyumbani wananionea fahari, sithubutu kuwaambia. Nafikiria kuacha masomo nirudi. Je, mimi ni mdhaifu, au kuna watu hawakuumbwa kuishi ugenini?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale jikoni. Nakuona umesimama nyuma ya mlango wa chumba chako, sufuria mkononi, unasikiliza. Maji yanafunguliwa, mtu anacheka, kiti kinaburutwa. Kisha taa inazimwa, nyayo zinapotea koridoni, ndipo unatoka kupika peke yako mahali ambapo nawe unalipia kodi. Umeyaandika hayo kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni jambo dogo, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo roho ya barua nzima. Nitarudi hapo.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Hapana, wewe si mdhaifu, na hakuna watu walioumbwa kwa ajili ya ugenini na wengine wasioumbwa hivyo. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johannes Hofer aliandika tasnifu juu ya maradhi aliyoyaita nostalgia, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa kijana aliyetoka Bern kwenda kusoma Basel. Alidhoofika hadi wakamkatia tamaa. Walipoamua kumrudisha kwao, akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani. Kutoka Bern hadi Basel ni kama kilomita 100 tu kwa barabara. Kijana yule hakuvuka bahari, na watu wa mji ule walizungumza Kijerumani kama yeye. Hata hivyo mwili wake ulikataa. Wewe umehama na lugha, na hali ya hewa, na saa za usiku na mchana, vyote kwa mpigo.

Kinachokuchosha ni kupotelewa na mazoea. Neno lenyewe linaonekana jepesi, kwa hiyo naomba unifuate polepole hapa, maana ukilielewa hili, mengine yote yatajipanga.

Fikiria ulivyokuwa unaishi kwenu. Unaamka gizani, mkono unaenda wenyewe kwenye swichi. Unajua mlango upi unabana. Ukikutana na mtu unajua usimame au upite, uangalie usoni au uinamishe macho. Mtu akikwambia "karibu siku moja," unajua papo hapo kama ni mwaliko au ni adabu tu. Mambo ya namna hiyo ni mamia kwa siku, na yalikuwa yanajiendesha yenyewe, hayakukuomba nguvu yoyote. Siku uliyohama, yote yalikurudia kichwani kwa pamoja, kila moja likitaka uamuzi. Mashine ya kufulia ina vitufe vinane. Nauli inalipwa kabla ya kupanda au ukishaingia? Jirani amekusalimia bila kusimama, je, umemkosea? Sehemu ya akili inayofikiri kwa makusudi ina nafasi finyu, inashika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na ikishajaa, jipya linaingia kwa kusukuma jingine nje. Ndiyo maana unarudi chumbani umechoka kama mbeba zege ilhali kutwa umekaa kitini. Uchovu wako ni wa kweli. Kazi umefanya, ila ni kazi isiyoonekana.

Darasani hali ni hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi. Mhadhiri anasema sentensi, wewe unaikamata, unaipima, unaielewa. Wakati unaielewa, ya pili imeshapita. Ya tatu ilikuwa mzaha. Darasa zima linacheka, nawe unacheka ukichelewa kidogo, bila kujua unacheka nini, na kicheko hicho ndicho kinachokuuma ukifika chumbani. Mtihani wa lugha uliofaulu ulipimwa kwa sauti safi, iliyonyooka, kwenye chumba kimya. Mhadhiri wako anageukia ubao akiongea, anameza maneno, viti vinalia, watu wanakohoa. Inajulikana vizuri kwamba kelele humwangusha anayesikiliza lugha ya pili kuliko inavyomwangusha mwenye lugha yake, hata kama huyo wa kwanza anaizungumza vizuri kabisa. Kwa hiyo usiseme mtihani ulikudanganya. Ulipima jambo jingine.

Dawa ya darasani ninayoiamini kuliko zote ni hii: soma mada kabla ya kuingia, hata kwa dakika 30, ukiwinda majina na istilahi tu. Neno ulilokwisha kulikuta kwenye karatasi, sikio hulitambua bila kupoteza nguvu, na nguvu hiyo inabaki kwa ajili ya maelezo. Kusoma baada ya kipindi ni vizuri, lakini kwako wewe kusoma kabla ndiko kutakakookoa siku yako. Muulize mhadhiri pia kama anakubali urekodi; wengi huwa hawana shida.

Sasa nije kwenye hili la miezi mitatu, maana limekuumiza bila sababu.

Mwaka 1954, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye huko nyuma alikuwa amefanya utafiti Ankole nchini Uganda, alitoa mhadhara Rio de Janeiro juu ya mshtuko anaoupata mtu akihamia utamaduni mwingine. Alieleza ngazi nne: furaha ya mwanzo, kisha chuki na hasira, kisha nafuu, kisha kuzoea. Alitaja hata dalili: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji ya kunywa na matandiko, kuhisi kila mtu anataka kukulaghai. Na chanzo alichokitaja ni kile kile nilichokueleza, yaani kupotea kwa ishara ndogo ndogo zinazomwambia mtu lini ashike mkono, aseme nini, amwamini nani. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard akachapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaona waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa kipindi kifupi zaidi au kirefu zaidi. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mchoro maarufu wa bonde: unaanza juu, unashuka, unapanda.

Angalia mambo mawili. Kwanza, hata katika utafiti huo wenyewe, bonde halikuwa la miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu uliyoambiwa ni maneno ya watu. Pili, Lysgaard hakuwafuatilia watu walewale mwezi hadi mwezi. Alilinganisha watu tofauti waliokaa muda tofauti. Colleen Ward na wenzake walipokuja kuwafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, wakawapima ndani ya saa 24 za kufika, kisha baada ya miezi 4, 6 na 12, waliona shida kubwa zaidi ilikuwa mwanzoni kabisa, bila furaha yoyote ya kutangulia. Utafiti huo ulitoka mwaka 1998. Maana yake kwako ni kwamba hakuna ratiba. Wako wanaoanza na furaha kisha wakazama, kama wewe. Wako wanaozama siku ya kwanza. Wako wanaopanda na kushuka mwaka mzima. Hujachelewa popote, kwa sababu hapakuwa na saa ya kufika.

Lakini kuna upande mwingine wa hilo, nao sitaki kukuficha. Kama hakuna ratiba, basi pia muda peke yake hauponyi. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu nyuma ya ule mlango. Kinachoponya ni kujenga mazoea mapya, na mazoea hujengwa kwa kurudia jambo dogo, mahali pale pale, saa ile ile, mpaka lisihitaji tena kufikiriwa.

Anza na usiku, kwa sababu bila usingizi ushauri wangu wote ni bure. Saa ya mwili huongozwa zaidi na mwanga. Ukihama kanda za saa, hujirekebisha kwa wastani wa kama saa moja kwa siku, kwa hiyo ingekuwa imeshafika zamani. Tatizo ni kwamba kila usiku unairudisha nyuma: saa tisa uko macho, taa inawaka, simu usoni, moyo uko nyumbani. Asubuhi unalala kupita mwanga unaopaswa kuirekebisha. Chagua saa moja ya kuamka, iwe hiyo hiyo hadi siku za mapumziko, kisha toka nje mapema. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje ni mkali mara nyingi kuliko wa taa za ndani. Na kama uko mbali na ikweta na sasa ni majira ya baridi, jua linachelewa kuchomoza na kuzama mapema, fahamu kwamba kuna huzuni ya msimu inayotokana na upungufu wa mwanga; Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitabibu mwaka 1984. Hutibika, mara nyingi kwa taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) ambayo mtu hukaa mbele yake kama dakika 30 kila asubuhi. Usijinunulie tu, muone daktari kwanza, hasa kama una ugonjwa wa macho au umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi.

Simu za nyumbani usizikate. Wapo watakaokwambia ukitaka kuzoea achana na kwenu, nami nasema huo ni ukatili usio na faida. Zihamishe. Wakipokea asubuhi yao usiku wako ni saa tisa, basi jioni yao ni mchana wako. Panga siku na saa, muongee mkiwa wote macho, hakuna mwenye usingizi. Kipimo changu ni kimoja: ukikata simu, je, unasimama na kwenda kufanya jambo, au unajifunika shuka? Ikiwa ni hilo la pili kila mara, simu imegeuka mahali pa kujificha, na hapo punguza muda wake taratibu.

Turudi jikoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunausoma kama onyo kwa mgeni anayekaa bure, lakini mimi naona ndani yake huruma kubwa. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Aliyepewa kazi anajua asimame wapi na mikono aiweke wapi. Wewe jikoni huna jembe. Ndiyo maana kila ukiwaza kuingia unawaza utasema nini, uangalie wapi, ukae au usimame. Basi jipe. Chagua siku tatu za wiki na saa moja wanayokuwepo, uingie ukiwa na kazi: kukausha vyombo, kutoa taka, kufuta jiko. Andaa sentensi moja tu, "kesho una kipindi?" inatosha kabisa. Kaa dakika 15, kisha una ruhusa ya kuondoka. Mara ya kwanza moyo utadunda. Mara ya tano utadunda kidogo. Itafika siku utagundua umeingia bila kusimama mlangoni kusikiliza.

Sikuambii hivi ili kukutia moyo tu. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT. Waliona urafiki ulifuata milango: watu wengi walipatana zaidi na jirani wa mlango wa pili, na waliokaa karibu na ngazi walipopita wengine walijuana na wengi zaidi. Hawakuchaguana kwa tabia. Walipishana mara nyingi. Kujificha kunakunyima hizo mara nyingi.

Na kuhusu kwamba huna rafiki bado, sikia hesabu hii. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wanahitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wafikie urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kwa urafiki wa karibu. Ukikutana na mtu saa mbili kila wiki, saa 50 zitakamilika baada ya wiki 25, karibu miezi sita. Rafiki zako wa nyumbani mlikaa pamoja saa elfu bila kuzihesabu. Huwezi kuwalinganisha na mtu mliyeonana mara nne, ukamwona mkavu.

Kama kuna watu wa nchi yako chuoni, usiogope kukaa nao. Stephen Bochner na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba mwanafunzi wa kigeni ana duara tatu za watu, na kila moja ina kazi yake: watu wa kwao wanamtunzia lugha na utu wake, wenyeji wanamsaidia kupata njia za masomo na ofisi, na wageni wenzake wa mataifa mengine anastarehe nao. Hatari iko kwenye kubaki na duara moja tu, au, kama ilivyo kwako sasa, kubaki bila hata moja.

Upande wa wazazi, najua uzito wake. Fahari yao imekuwa kama mzigo unaobeba ukitabasamu. Usijipange kuwaambia wote kwa siku moja. Chagua mtu mmoja, yule ambaye hakimbilii kutoa suluhisho, shangazi au kaka, umwambie hivi hivi: "Masomo yanaendelea, lakini nina upweke na usingizi unanisumbua. Sihitaji ufanye lolote, nataka tu ujue." Sentensi ya mwisho usiiache, kwa sababu mtu wa mbali akisikia una shida na hana la kufanya, hofu yake itakuangukia wewe.

Kuacha masomo, je? Sitakukataza. Kurudi nyumbani ni uamuzi halali, na kuna wakati ndio uamuzi sahihi: fani yenyewe ikiwa huitaki, fedha zikiwa zimekatika, afya ikizidi kuporomoka licha ya matibabu. Ninachokuomba ni usiuamue usiku wa manane, wala wiki ya mitihani, wala kabla hujalala vizuri walau wiki tatu. Tena kati ya kubaki na kuacha kuna njia nyingine. Vyuo vingi vinaruhusu kuahirisha muhula au mwaka, kuhama bweni, au kupunguza masomo. Lakini kabla ya kupunguza hata somo moja, nenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Viza za masomo katika nchi nyingi zinadai uwe mwanafunzi wa muda wote; Marekani, kwa mfano, mwenye viza ya F-1 anahitaji idhini ya ofisi hiyo kabla, si baada. Nimeona mwanafunzi aliyeacha somo moja kwa nia ya kupumzika, akajikuta kwenye matatizo ya ukaazi yaliyomchosha kuliko hilo somo.

Sasa nakuomba usome hapa kwa makini. Hamu ya nyumbani huja na kuondoka. Mtu anaweza kulia saa kumi na kucheka saa kumi na mbili. Lakini ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, umejaa huzuni au hakuna kinachokufurahisha, ukala kidogo sana au kupita kiasi, ukaacha kwenda darasani, ukajiona huna thamani, ukaanza kunywa ili ulale, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibiwa na mtu anayekuona ana kwa ana, si kwa barua. Nenda kitengo cha ushauri nasaha cha chuo au kwa daktari wiki hii. Kwa kawaida unayoyasema humo hayafiki kwa wahadhiri, wazazi wala wafadhili, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini; waombe wakueleze mipaka ya siri siku ya kwanza, ni haki yako. Na ikikujia fikra ya kufa au kujidhuru, hata kwa kupita tu, usingoje miadi. Gonga mlango wa yeyote, hata hao wa jikoni, nenda hospitali, au piga namba ya dharura ya huko uliko: 112 katika Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada.

Najua kinachokutisha kwenda kwa mshauri wa chuo ni kueleza haya yote kwa lugha ile inayokukimbia ukichoka. Basi usiyaeleze. Chukua barua hii uliyonitumia, kaa chumbani mchana ukiwa umetulia, uitafsiri, kisha ukifika umpe aisome.